Barua Thelathini na Moja za Mshauri Pei

Zamu ya tano ilipofika, Mshauri Pei alikataa kujibu.

Alisimama katikati ya meza ya nuru, urefu wake hauzidi dhiraa moja, ndevu zake nyeupe zikishuka hadi kifuani, viganja vyake amevificha ndani ya mikono mipana ya joho la kijivu. Milima ya Upare ilimfikia magotini. Nakijwa Mrutu, mwalimu wa jiografia na mchezaji aliyeteuliwa na kijiji cha Kirindi, alirudia swali lake mara ya tatu, polepole, kwa sauti aliyoitumia darasani kwa mwanafunzi anayejua jibu lakini hataki kulitoa.

"Mshauri, nimekuuliza. Tufanye nini ili Kirindi ishinde?"

"Nimesikia, Bibi," Pei alijibu. "Njia ipo, nami naijua. Sitaisema."

Mabenchi ya kushoto, walikoketi watu wa Kirindi, yaliguna kwa pamoja. Mabenchi ya kulia, ya watu wa Mweta, yalicheka. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya Kirindi, Kajiru Mbwambo, ambaye kwa ukoo alikuwa baba mdogo wa Nakijwa, alisimama na kofia mkononi.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba kuelimishwa. Sisi tumepewa mshauri, au tumepewa shahidi wa upande wa pili?"

"Keti, Mwenyekiti," alisema Hakimu Elinami Mshana bila kuinua macho. "Ukumbi huu si kilabu cha pombe ya dengelua. Mshauri ana haki ya kunyamaza, na mchezaji ana haki ya kufikiri. Tutaendelea saa nane."

Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita tangu Sheria ya Meza ipitishwe. Kabla yake vijiji vilivyogombania maji vilishtakiana mahakamani kwa kalamu na kupigana mferejini kwa panga, na mvua za vuli zilipoacha kuwa na tarehe, panga zilizidi kalamu. Ndipo zilipoletwa meza. Hapo mwanzo meza hizo zilikuwa mchezo wa vijana tu, mchezo wa kujenga falme na kuzibomoa, na kila mchezaji alipewa mshauri wa kale aliyefufuliwa kutokana na maandiko aliyoyaacha duniani. Serikali ilipouchukua mchezo ule iliondoa falme na kuweka mahali pake ardhi yenyewe ya wagomvi: kila korongo, kila shamba, kila kaya, na vipimo vya mvua ya miaka arobaini. Washauri iliwaacha kama walivyokuwa. Mchezo ulikuwa na zamu kumi na mbili, kila zamu ikihesabiwa kuwa mwezi mmoja, na matokeo yake yaligeuka amri ya maji kwa miaka saba.

Amri hiyo haikuwa na huruma. Kijiji kilichomaliza zamu ya kumi na mbili chini ya kiwango cha uhai kilihamishiwa kwenye kambi za tambarare, wazee kwa watoto, kikiacha nyuma makaburi ambayo hayahamishiki. Na siku ya kwanza, meza ilipowashwa, kipimo kilionyesha kwamba mlima ule ulikuwa na maji ya kijiji kimoja na nusu.

Kirindi ilikuwa chini, ukingoni mwa nyika, na kwa miaka miwili haikuvuna gunia. Mweta ilikuwa juu, penye ndiva, yaani bwawa la kienyeji la mawe na udongo ambalo mababu walilijenga kukusanya maji ya kijito. Kura ilipoipa Kirindi Mshauri Pei, mtumishi wa mfalme mmoja mdogo wa Uchina ya kale, aliyeshinda vita saba bila kushika upanga hata mara moja, akina mama walipiga vigelegele. Sasa mshindi huyo alikuwa amegoma.

*

Nyuma ya ukumbi, chini ya paa la sola, kamati ilikuwa imewapikia wote makande kutoka sufuria moja. Nakijwa alipokea sahani yake na kujikuta ameketi kando ya mchezaji wa Mweta, Namkunda, dada wa mumewe, aliyeolewa huko juu miaka ishirini iliyopita.

"Wifi," Namkunda alisema huku akipuliza kijiko, "naona kibabu chako kimegoma."

"Kimegoma, lakini kina adabu. Wako je? Nasikia anahesabu hadi nzi."

"Usinitajie. Mtunza maghala wa Misri ya kale! Jana aliniuliza kwa nini nina watoto watatu wakati ghala linatosha wawili. Nikamwambia, muulize kaka wa mume wangu, yeye ndiye aliyetusifia watoto wengi."

Walicheka. Kisha Namkunda akasema, "Tukishinda, nitakutumia mtungi mmoja kila Krismasi."

"Tukishinda sisi, nitakupa kitanda kwangu. Ila vyombo utaosha wewe."

"Vyombo vyako? Heri kambi."

Kicheko cha pili kilikuwa kifupi. Kila mmoja alimjua aliyeketi mbele yake, na alijua pia kwamba mmoja wao atapakia godoro lake kwenye lori.

"Ndiva yenu imejaa tope," Nakijwa alisema hatimaye. "Nimeona mezani."

"Hiyo si siri. Limefika kifuani. Juzi tulipiga pembe ya msaragambo, ya kuita watu kwenye kazi ya pamoja, mlima mzima. Wifi, zamani pembe ile ikilia, hata mwenye homa alitoka na jembe lake. Unajua walikuja wangapi? Kumi na mmoja. Na aliye mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na minane. Vijana wetu wako mijini wanaendesha mitambo." Akakwangua sahani iliyokuwa tupu. "Tuna bwawa la babu zetu, na hatuna mikono ya kulisafisha."

Nakijwa aliweka sahani chini. Baba yake mdogo alikuwa akimwita kwa kofia kutoka mlangoni.

*

Chumba cha washauri kilikuwa na viti viwili na meza ndogo, tawi la ile kubwa. Kajiru alifunga mlango.

"Nimeisoma kanuni yote," alisema. "Kifungu cha umri. Kabla ya zamu ya sita, mchezaji anaweza kumwita mshauri wake katika umri mwingine. Huyu wetu ana miaka sabini na moja. Aliacha barua mia mbili na kumi na nne. Thelathini na moja za mwisho aliziandika baada ya kuacha kazi, na zote ni kilio na majuto. Ukiziondoa hizo, unampata Pei wa vita saba."

"Na huyu wa sasa?"

"Atafungwa. Hafunguliwi tena katika shauri hili. Jaribu tu, mwanangu. Kanuni inatoa robo saa ya majaribio."

Nakijwa aliweka kiganja mezani na kutamka ombi. Nuru ilipotulia, alisimama pale mtu wa miaka thelathini na mitano, nywele nyeusi zilizofungwa vizuri, mikono ikiwa nje ya joho. Hakusubiri kuulizwa. Alitembea juu ya milima kama mtu anayekagua kiwanja alichokwisha kukilipia, akainama, akanyoosha kidole.

"Kigongo hiki ni cha nani?"

"Chetu," Nakijwa alisema. "Msitu wa Kirindi."

"Vema sana! Chimbeni hapa, hatua mia mbili tu. Kanuni ya kumi na nne yaruhusu kila mtu kuchimba ardhi yake. Mvua ya kwanza ikinyesha, kijito hakitaingia katika bwawa lao, kitashuka kwenu. Zamu ya tisa watakuja kuomba amani. Msiwape. Zamu ya kumi wataondoka wenyewe, nanyi hamtakuwa mmevunja sheria hata moja."

Alizungumza kwa furaha safi ya fundi anayeipenda kazi yake. Nakijwa alijikuta akitabasamu naye, akashtuka.

"Wataondoka kwenda wapi?"

Kijana yule alimtazama kwa upole, kama aliyeulizwa swali la lugha ngeni. Alikwenda hadi ukingoni mwa nuru, akaangalia chini, kisha akamgeukia.

"Meza inaishia hapa, Bibi."

Kajiru alipiga makofi. "Huyu ndiye! Huyu ndiye tuliyempigia vigelegele! Yule mwingine anaongea kama Biblia ya kwanza iliyopigwa chapa."

Robo saa ilikwisha. Nakijwa aliweka kiganja tena, na mzee wa ndevu nyeupe akarudi, akatazama nafasi aliyokuwa amesimama mwenzake.

"Umeniona," alisema.

"Nimekuona."

"Nilikuwaje?"

"Hodari."

"Naam. Kila mtu alimpenda yule. Hata mimi nilimpenda kwa muda wa miaka thelathini." Aliketi juu ya kilima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya hadhara. "Amekuonyesha kigongo?"

"Ndiyo."

"Mji wa kwanza nilioushinda kwa njia hiyo uliitwa Baishu. Tuliugeuza mto usiingie, siku arobaini. Siku ya arobaini na moja walifungua malango, nami niliingia nikiwa juu ya farasi mweupe. Nilipita kisimani. Walikuwa wameunga kamba za nyumba zote. Kamba zilipokwisha wakaunga mishipi, kisha mapazia, kisha nguo za harusi, fundo baada ya fundo, ili ndoo ishuke chini zaidi. Nilisimama nikaivuta ile kamba. Niliivuta muda mrefu sana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na nikasema, 'Tazameni jinsi hesabu yangu ilivyokuwa sahihi.'"

"Barua thelathini na moja nilizoandika baadaye hazikumnywesha mtu," Pei aliendelea. "Lakini katika hizo ndimo ninamojua nilichokifanya. Una uwezo wa kuniondolea, Bibi. Nitakuwa na furaha. Umeshuhudia mwenyewe jinsi nilivyo na furaha. Siwezi kukuamuru, maana mimi ni mtumishi. Nakusihi."

Ilikuwa rahisi kumhurumia, na Nakijwa hakutaka urahisi huo. Aliinamia meza hadi uso wake ukawa mkubwa kuliko mlima.

"Sikiliza, Mshauri. Nina wanafunzi sitini na watatu. Asubuhi wanakuja na midomo imepasuka. Mwezi uliopita mmoja alizimia akisoma ramani ya mito. Toba yako ni nzuri, lakini haijazi mtungi."

"Ni kweli," Pei alisema.

"Basi nipe njia nyingine."

Kwa mara ya kwanza tangu aje mezani, mzee alionekana kuaibika.

"Sina," alisema. "Nilifundishwa kushinda. Nilipochoka kushinda, nilijifunza kulia. Kati ya hayo mawili hakuna aliyenifundisha kitu."

"Unaona!" Kajiru alipiga paja. "Nakijwa, huyu si mtu. Ni barua. Barua ikichanwa hailii. Mwite yule kijana, tumalize."

"Kama ni barua tu, Baba Mdogo, kwa nini tunautaka ushauri wake?"

"Kwa sababu tunakufa!"

"Najua."

Alisimama, akaenda dirishani. Katika darasa lake hakuna mtoto aliyeruhusiwa kutumia kifutio. Aliyekosea alipiga mstari mmoja juu ya kosa na kuandika jibu sahihi chini yake, ili kosa lisomeke. Wazazi walilalamika kwamba madaftari yanachafuka, naye hakulegeza. Lakini daftari si kijiji. Je, ana haki ya kuwanyima maji watoto sitini na watatu kwa ajili ya usafi wa dhamiri ya mtu aliyekufa zamani, au wa dhamiri yake mwenyewe? Alilipima swali hilo kwa uaminifu wote aliokuwa nao, na alikiri moyoni kwamba hajui kama mzee yule anaumia kweli au hapana.

"Sijui kama ataumia," alisema bila kugeuka. "Tuliache hilo. Linalonisumbua linatuhusu sisi. Yeye alitenda uovu kisha akaufahamu. Sisi tunataka kwenda kumtafuta pale alipokuwa hajaufahamu, makusudi kabisa, ili aurudie kwa niaba yetu, tukiufahamu sisi. Basi dhambi hiyo itakuwa ya nani, Baba Mdogo? Yake au yetu?"

Kajiru aligeuzageuza kofia. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na sita, na swali lile lilimfikia pale lilipokusudiwa.

"Maneno mazuri," alisema kwa uchungu. "Yapeleke jikoni uone kama yatachemka."

"Kumi na mmoja," Nakijwa alisema.

"Nini?"

Akageuka. "Mweta walipiga pembe ya msaragambo, wakaja watu kumi na mmoja. Sisi hatuna maji, tuna watu. Wao wana ndiva, hawana watu. Mshauri! Tope la ndiva ile likiondolewa lote, maji yanakuwa kiasi gani?"

Pei alikuwa amekwisha kusimama. Mikono yake ilitoka ndani ya joho, na kwa dakika nzima alikuwa yule kijana aliyetembea milimani, ila safari hii alikuwa akitazama pande zote mbili za mlima.

"Watu sitini, zamu mbili, kabla ya mvua," alisema. "Ukuta wa kaskazini uinuliwe dhiraa moja. Bwawa litabeba mara mbili. Hayo maji ya kijiji kimoja na nusu..." Alisita, akarudia hesabu. "Yatatosha viwili, Bibi. Kwa shida. Hakutakuwa na ziada hata ya kumwagia ua." Kisha uso wake ukaanguka. "Lakini kanuni ya tisa. Watu wasio na silaha wakiingia ardhi ya mpinzani, huhesabiwa kuwa mateka. Mtunza maghala atawachukua wote sitini, nawe utakuwa umepoteza mchezo kwa zamu moja."

"Anayeamua si yeye. Ni wifi yangu."

"Wamwamini?"

"Kuna siku namwamini. Kuna siku siwezi kumwachia chungu jikoni."

Mzee wa Uchina alifikiri. "Katika maisha yangu," alisema, "sikuwahi kumkabidhi adui uamuzi. Sijui kama huu ni ushauri au ni wazimu. Siwezi kukuambia kwamba utafaulu."

Kajiru alivaa kofia yake. "Ukikosea," alimwambia Nakijwa, "nitasimama mbele ya usharika nikutaje kwa jina."

"Unitaje, Baba Mdogo."

*

Saa nane kamili Hakimu Mshana aligonga meza. Nakijwa aliwakusanya watu wake sitini, nukta sitini za nuru ya njano, akaziondoa katika mashamba makavu ya Kirindi na kuzipandisha mlimani, zikavuka mpaka, zikasimama ukingoni mwa ndiva ya Mweta.

Meza iligeuka nyekundu. UVAMIZI, maandishi yalisema, kisha yakajisahihisha: HAWANA SILAHA. MATEKA SITINI.

Mabenchi ya kushoto yalilipuka. "Ametuuza!" alilia mama mmoja. "Wifi yake ameolewa huko juu, ametuuza!" Watu walisimama juu ya mabenchi. Katikati ya kelele ile Kajiru Mbwambo aliinuka, akawageukia watu wake, akainua kofia.

"Ketini," alisema. "Kama ni kosa, nililijua. Ketini, nimesema."

Waliketi, kwa sababu ya mshangao zaidi kuliko utii.

"Mchezaji wa Kirindi," Hakimu alisema, "unaifahamu kanuni ya tisa?"

"Naifahamu, Mheshimiwa."

"Basi eleza watu hawa wamekwenda kufanya nini."

"Wamekwenda msaragambo."

Meza haikulijua neno hilo. Ilizungusha duara dogo la kusubiri. Ng'ambo, mtunza maghala wa Misri, mfupi mwenye kichwa kilichonyolewa, alikuwa tayari akiwagawa mateka katika makundi ya kumi kumi.

"Ni mali yako, Bibi wa Mweta," alimwambia Namkunda. "Kwa watu hawa utamaliza juu ya kiwango, na wao watamaliza chini. Thibitisha tu."

Namkunda hakuthibitisha. Alizitazama nukta zile za njano zilizosimama kando ya bwawa la babu za mumewe, zikingoja. Nyuma yake wazee wa Mweta walinong'ona. Mmoja alisema, "Wachukue, binti." Mwingine akasema, "Subiri kwanza." Nakijwa hakumkonyeza wifi yake wala hakumsihi kwa macho, kwa maana ombi la namna ile lingekuwa shuruti.

"Wifi," Namkunda alisema hatimaye. "Umewaleta watu sitini kwangu bila hata hodi. Majembe wanayo?"

"Wanayo."

"Na chakula? Maana mimi sipiki kwa ajili ya watu sitini."

"Wamekuja na makande yao."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Namkunda alimgeukia Hakimu na kusimama wima.

"Mheshimiwa, hawa si mateka. Kwetu aliyeshika jembe ndivani ana zamu ya maji. Haijalishi alitoka juu au chini. Hivyo ndivyo tulivyopokea, na hivyo ndivyo nitakavyowapokea. Waandikwe hivyo."

"Bibi!" alilia mtunza maghala. "Unatupa ushindi!"

"Wewe hesabu tope," Namkunda alimwambia. "Linakutosha."

Hakimu Mshana alifungua kitabu cha sheria, ingawa kila mtu aliyemfahamu alijua kwamba anakijua kwa moyo. Alisoma kwa muda mrefu. "Kifungu cha tatu," alisema. "Pale ambapo mila ya pande zote mbili inakubaliana, kanuni ya meza itaifuata mila." Akakifunga. "Katika miaka kumi na tisa kifungu hiki hakijatumika hata mara moja, kwa sababu walioketi mezani hapa hawajawahi kukubaliana juu ya kitu chochote. Endeleeni."

Waliendelea hadi jioni. Zamu ya saba tope liliisha. Zamu ya nane ukuta wa kaskazini uliinuka. Pei na mtunza maghala waligombana juu ya siku za mgawo, mmoja kwa maghala na mwingine kwa mito, hadi wote wawili wakasahau upande gani ni wa nani. Zamu ya kumi na mbili ilipokwisha, vijiji vyote viwili vilisimama juu ya kiwango cha uhai kwa upana wa unywele, na meza, ambayo haikuwa na maandishi ya kutangaza jambo la namna hiyo, ilibaki kimya.

Hakimu alitangaza mwenyewe. Kirindi ingepata maji siku tatu katika kila nane, kwa miaka saba. Kwa malipo yake, watu sitini wa Kirindi wangeondoa tope na kuinua ukuta kabla ya mvua, kisha wangepanda mlimani siku mbili kila mwezi kwa miaka hiyo saba, na mwaka ambao hawatapanda, amri itavunjika. "Mmejihukumu wenyewe kazi ngumu," alisema. "Mahakama haina la kuongeza."

Kabla ya kufungwa, mshauri huruhusiwa kauli moja, nayo huongezwa katika maandiko yake, ili atakayemwita baadaye amkute nayo. Pei alikunja mikono ndani ya joho na kuinama, kwanza upande wa kushoto, kisha upande wa kulia.

"Iandikwe barua ya mia mbili na kumi na tano," alisema. "Iandikwe kwamba maji yanaweza kugawanywa bila mtu kubaki na kiu. Na iandikwe, kwa herufi za ukubwa uleule, kwamba shauri hilo halikuwa langu."

Kisha nuru ikazimika.

*

Mezani nukta hupanda mlima kwa mguso wa kidole. Watu wa kweli hupanda kwa magoti. Siku ya kwanza walifika thelathini na wanane tu, na Namkunda aliwapokea akiwa ameshika kiuno. "Hesabu yenu inavuja," alisema, nao waliona haya. Siku ya pili walifika sabini na wanne. Kajiru alikuwa wa kwanza kuingia topeni na wa kwanza kulalamika, na alilalamika kwa ukamilifu kuhusu mgongo, kuhusu baridi ya Mweta, na kuhusu mzee mmoja wa huko juu aliyedai kwamba watu wa tambarare hushika jembe kama kijiko. Wawili hao walichimba bega kwa bega miezi miwili, wakitukanana kwa heshima.

Mvua ilikuja kwa kuchelewa, ikanyesha siku nne. Asubuhi ya siku ya tano ndiva ilikuwa imejaa hadi dhiraa ile mpya ya ukuta, maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa. Watu wote walisimama ukutani. Namkunda alimpa Nakijwa ule mti mrefu wa kuzibulia mlango wa bwawa.

"Zamu ya Kirindi," alisema. "Zibua mwenyewe."

Nakijwa alisukuma mara mbili bila kufaulu, na mara ya tatu kizibo kiliachia. Maji yaliingia mferejini yakiwa na povu na majani makavu mbele yake, yakasita penye kona ya kwanza, yakanywewa na udongo uliokauka kwa miaka miwili, yakasita tena, yakaendelea. Hayakuwa na haraka. Mtu mzima angeweza kuyapita kwa hatua kumi.

Hakuna aliyeyapita. Waliteremka mlima kando yake, watu wa juu na watu wa chini, wakisimama yaliposimama na kuondoa jani au jiwe lililoyazuia, wakienda yalipokwenda. Jua lilikuwa limepanda sana walipoanza kusikia, kutoka bondeni, sauti za watoto waliokuwa wamekatazwa kutoka darasani na ambao, ilikuwa dhahiri, walikuwa wametoka.